Chanjo Si ya Watoto Tu

Neno "chanjo" latokana na kitenzi "chanja". Ukilitaja hapa Kakamega, watu wazima hujibu, "Ah, hiyo ni ya watoto!" Si kweli. Mama mjamzito huchanjwa pepopunda kliniki. Baba je? Yeye haitwi. Mwaka wa 2021, chanjo ya Korona ilipofika Kenya, wazee wa miaka 58 na zaidi, wake kwa waume, walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa.

Na homa ya mafua? Shirika la Afya Duniani hupendekeza wajawazito, wazee, wenye kisukari na wahudumu wa afya wachanjwe kila mwaka, maana virusi vyake hubadilika. Lakini sisi, kukhu akikohoa, twamchemshia tangawizi, basi! Tumwulize na daktari. Kinga ni bora kuliko tiba.