Mtoto Anayeharisha Asiingie Majini
Kijitabu cha familia kwa msimu wa joto

Kwa mama, baba, bibi, shangazi, na kaka au dada mkubwa anayewapeleka wadogo zake kwenye bustani za mtaa hapa Marekani.

Kwa nini nimeandika

Shule zikifungwa mwezi wa sita, nazijua kesi zitakazofuata. Mtoto amelegea, macho yameingia ndani, mama hajalala siku tatu. Nauliza walikuwa wapi. Wiki moja iliyopita, ananiambia, walikuwa kwenye kiwanja cha maji, pale maji yanaporuka kutoka sakafuni. Baada ya siku chache wanaletwa wadogo zake, na jirani naye analeta wake.

Kati ya mwaka 1997 na 2022, viwanja hivi vilisababisha milipuko 60 ya magonjwa katika majimbo 23 na Puerto Rico. Watu zaidi ya 10,600 waliugua na 152 walilazwa. Hakuna aliyekufa katika hesabu hiyo, lakini waliougua wengi ni watoto.

Wapelekeni watoto. Mara nyingi ni bure, wanafurahi, na joto la vyumba vyetu nalijua. Ila shikeni jambo hili moja.

Mtoto anayeharisha asiingie majini

Hata kama ameharisha mara moja tu asubuhi. Hata kama anacheka na kula vizuri. Hata kama mmeahidiana na binamu zake na gari limeshafika. Abaki nyumbani.

Wengi wetu tulikua tukioga mtoni au ziwani, na maji ya mto huenda zake. Kwenye viwanja vingi vya hapa maji hayaendi. Yanaingia kwenye tangi chini ya ardhi, yanatiwa dawa, kisha yanapandishwa tena yakawarukie watoto wale wale. Uchafu wa mtoto mmoja unawarudia wote.

Mtaniambia maji yana klorini. Ndiyo, na huua vijidudu vingi, lakini kuna mdudu wa kuharisha anayeweza kuishi zaidi ya siku saba ndani ya maji yenye klorini ya kutosha. Usiitegemee klorini.

Mtaniambia amevaa nepi ya kuogelea. Nepi ile huzuia choo kigumu kwa muda tu. Choo cha maji maji hupita. Mtoto anayeharisha asiingie majini, na nepi haibadilishi neno hilo.

Mtaniambia ameshapona. Hesabu wiki mbili tangu siku kuharisha kulipokoma, kwa sababu anaweza kuendelea kutoa wadudu hao akiwa mzima kabisa. Weka alama kwenye kalenda, siku 14. Najua mtoto atalia. Mwache alie, mwogeshe nyumbani kwa beseni.

Wanapokuwa majini

Wasinywe maji yale. Watoto hupenda kukinga mdomo juu ya tundu, na wakubwa tunapiga picha tukicheka. Mtoe hapo. Wengine huyakalia matundu, maji yakawaosha makalio. Huo ndio uchafu mwenzake atakaoumeza. Mtoe pia. Kila saa moja mpeleke chooni, au kagua nepi. Nepi ibadilishwe chooni, kamwe si pembeni ya maji wala juu ya meza ya chakula. Kabla ya kula, nawa kwa maji na sabuni. Ile dawa ya chupa ya kupaka mikononi haimuui mdudu niliyemtaja. Bebeni maji safi ya kunywa kutoka nyumbani, mengi.

Bembea na mteremko

Nje ya maji, jua nalo lina hatari zake. Gusa kwa kiganja kwanza: chuma, plastiki na hata ile sakafu ya mpira vikipigwa na jua huunguza ngozi ya mtoto.

Kitenge

Usifunike kigari cha mtoto mchanga kwa kitenge. Hewa hukosa njia na ndani huwa na joto kuliko nje. Mweke kivulini.

Gari

Usimwache mtoto ndani ya gari, hata dakika moja, hata madirisha yakiwa wazi kidogo.

Akianza kuharisha

Mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anyonye au anywe kidogo kidogo, mara nyingi. Usimpe dawa ya kufunga tumbo, wala vidonge vilivyobaki kwenye begi kutoka tulikotoka.

Wala asirudi majini. Siku 14.

Nenda hospitali haraka ukiona

Damu kwenye choo, midomo mikavu, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa sita au zaidi, anatapika kila kitu, au ni mchanga wa miezi michache. Akiwa hazinduki, piga 911 na useme "Swahili". Hospitalini omba mkalimani. Hulipii chochote, na usimtumie mtoto wako kutafsiri.

Mwambie daktari kwamba mtoto alicheza kwenye kiwanja cha maji, umtajie siku na mahali. Kipimo cha kawaida cha choo mara nyingi hakimwonyeshi yule mdudu anayevumilia klorini mpaka daktari aombe atafutwe.