SOMO: BASTOLA ILIYOLEGEA – KOSA LA MLINZI AU LA CHOMBO?



Miongoni mwa wanachama wetu wamo walinzi: wa malango ya viwanda, wa maghala, na wa magari yanayopeleka mishahara mashambani. Baadhi yao hukabidhiwa bastola. Somo la safari hii linawahusu wao kwanza, lakini asilitupe mwenye kushika kerezo au kusimama kwenye korona ya mkonge. Jambo lenyewe ni moja: chombo kikichakaa, nani hulaumiwa?

Tuchukue mfano. Mlinzi mmoja ana miaka mingi kazini. Kila mwaka hupelekwa uwanja wa shabaha, na kila mwaka hufaulu. Mwaka huu risasi zake zimetawanyika. Msimamizi anamwambia, "Mzee, macho yamekwisha. Tutakuhamishia bustanini." Bustanini mshahara ni mdogo. Mlinzi anajibu, "Si macho, bwana. Bastola hii inacheza." Msimamizi anaitikisa, inalia kidogo, anasema, "Zote zinalia." Hapo shauri limekwisha.

Nani ana haki? Hatujui bado, maana hakuna aliyepima. Yule amehukumu kwa umri wa mtu, huyu amehukumu kwa mlio wa chuma. Tujifunze namna ya kupima.

CHOMBO CHENYEWE

Tutatumia bastola inayojulikana sana duniani, Browning Hi-Power. Iliundwa na Mmarekani John Browning, aliyefariki mwaka 1926 huko Herstal, Ubelgiji, kabla ya kuikamilisha. Kazi ikamaliziwa na Mbelgiji Dieudonné Saive, na kiwanda cha FN cha Herstal kikaanza kuitoa mwaka 1935. Hutumia risasi za milimita 9, na magazini yake ya kawaida hubeba risasi 13. Majeshi na polisi wa nchi nyingi waliitumia, pamoja na Uingereza.

Bastola hii ina sehemu nne za kukumbuka. Ya kwanza ni kiunzi, yaani sehemu ya chini yenye mpini. Ya pili ni chuma cha juu kinachoteleza mbele na nyuma; tutakiita kitelezi. Ya tatu ni mtutu, uliokaa ndani ya kitelezi. Ya nne ni springi iliyo chini ya mtutu.

Juu ya mtutu kuna meno mawili yanayoingia katika mifereji iliyomo ndani ya kitelezi. Risasi ikilipuka, mtutu na kitelezi hurudi nyuma pamoja kwa kitambo kidogo, vikiwa vimeshikana. Kisha mtutu huvutwa chini upande wa nyuma, meno yanatoka, kitelezi kinaendelea peke yake na kulitoa ganda tupu. Springi hukirudisha mbele, kinachukua risasi nyingine, na mtutu unapanda tena mahali pake. Haya yote hutendeka kila unapofyatua.

KULEGEA KUPI?

Sasa shika neno hili, ndilo kiini cha somo. Katika bastola hii, kilenga cha mbele na kilenga cha nyuma vyote viwili vimefungwa juu ya kitelezi. Mlengaji anapolenga, anakilenga kitelezi. Risasi nayo hufuata mtutu. Kwa hiyo swali kubwa ni hili: je, kila mara kitelezi kinapofunga, mtutu unarudi pale pale ndani yake?

Ukirudi pale pale, bastola italenga vizuri hata kama kitelezi kinachezacheza kidogo juu ya kiunzi. Usiporudi pale pale, bastola itatawanya risasi hata kama ukiitikisa haitoi mlio wowote. Basi msimamizi alikuwa na nusu ya ukweli: nyingi hulia. Lakini alitikisa mahali pasipohusika sana, akaacha mahali panapohusika.

USALAMA KWANZA

Kazi hii si ya kila mtu. Aiguse mwenye kibali tu, na matengenezo ayafanye fundi wa silaha anayeruhusiwa na sheria. Mwakilishi wa wafanyakazi haitaji kuishika. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba uchunguzi unafanywa, na awepo.

Kwanza toa magazini. Kisha vuta kitelezi nyuma, itoke risasi iliyomo chembani. Tazama ndani, halafu pitisha kidole chembani uhakikishe ni tupu. Utaratibu huu usigeuzwe: ukivuta kitelezi kabla ya kutoa magazini, kikirudi kitaingiza risasi nyingine. Bastola hii imeundwa isifyatuke magazini ikiwa nje, lakini usiyakabidhi maisha ya mtu kwa kifaa kinachoweza kuharibika. Risasi zote ziwekwe chumba kingine.

HATUA ZA UCHUNGUZI

1. Soma karatasi ya shabaha. Usiseme tu "amekosa." Je, matundu yamehama au yametawanyika? Kama yako pamoja lakini yamehamia upande mmoja, mashaka yaanze na vilenga, au na namna ya kushika. Kilenga kikisogea kidogo tu, matokeo ni makubwa. Toka kilenga cha nyuma hadi cha mbele ni karibu sentimita 16. Kilenga kikihama nusu milimita, risasi kwenye mita 25 itahama karibu sentimita 8. Jicho linaweza kuipita nusu milimita bila kuitambua, lakini karatasi inaiona. Kama matundu yametawanyika kila upande, endelea na hatua zinazofuata.

2. Badilisha risasi. Risasi zilizokaa ghalani miaka mingi, au zilizochanganywa za viwanda mbalimbali, hazina nguvu sawa. Jaribu za boksi moja, zilizo mpya. Jambo hili ni rahisi kuliko yote, na husahauliwa kuliko yote.

3. Badilisha mpigaji. Bastola iwekwe juu ya mfuko wa mchanga, apige mlinzi wetu, kisha apige mwingine aliye hodari. Halafu wote wawili wapige kwa bastola nyingine ya aina hiyo hiyo. Mlinzi akipiga vizuri kwa ile nyingine, na yule hodari akatawanya kwa hii, macho ya mzee yamepata shahidi. Wote wakipiga vizuri kwa hii isipokuwa mlinzi, tuwe wakweli: apelekwe akapimwe macho, au apewe mazoezi. Chama hakimtetei mtu kwa uongo.

4. Pima mtutu ukiwa mahali pake. Bastola ikiwa tupu na kitelezi kimefungwa, fundi ausukume mtutu chini kwa kidole gumba, pale penye tundu la kutolea maganda. Ukizama kisha ukapanda, meno au sehemu inayoubeba mtutu kwa chini vimelika. Kisha aushike mdomo wa mtutu na kuutikisa upande kwa upande. Ukichezacheza ndani ya kitelezi, pale mbele pamepanuka. Huku ndiko kulegea kwenye maana. Apige pia kulinganisha na bastola mpya, maana mkono hujua vizuri ukiwa na cha kulinganisha.

5. Tazama ndani ya mtutu. Ile mifereji iliyozunguka ndani ndiyo inayoizungusha risasi ili isipepesuke. Tafuta kutu, mashimo, na uchafu wa risasi ulioganda. Huenda kuusafisha vizuri kukarudisha sehemu ya shabaha iliyopotea. Chunguza na mdomo wa mtutu: ukiwa umepigika au umelika upande mmoja kwa kusuguliwa na fimbo ya chuma ya kusafishia, risasi hutoka vibaya. Na kama matundu ya karatasini ni marefu, yaani risasi imeingia kiubavu, mtutu unaweza kuwa umekwisha kabisa.

6. Linganisha springi. Weka ya zamani kando ya mpya. Ikiwa imefupika, imechoka. Dalili nyingine: maganda hurushwa mbali kuliko zamani, au kitelezi hakifungi mpaka mwisho.

Katika hatua zote, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na uandike. Ukibadilisha risasi, mpigaji na springi siku moja, hata ukifaulu hutajua ni kipi kilichotibu.

SPRINGI YA BEI RAHISI

Tuitazame tena springi, maana hapo ndipo pana funzo. Springi ni kitu cha bei ndogo kuliko karibu kila sehemu ya bastola. Ikichoka isibadilishwe, kitelezi hurudi nyuma kwa nguvu nyingi na kugonga kiunzi. Kila risasi ni nyundo. Baada ya maelfu ya mapigo, chuma huchoka, meno hulika, mtutu hulegea. Hapo tena haitoshi springi. Patatakiwa mtutu mpya au bastola mpya.

Basi anayeuliza "nani ameiharibu?" aulize kwanza: daftari la silaha hii liko wapi? Imepigwa risasi ngapi? Springi ilibadilishwa lini, na nani alitia sahihi? Pasipo daftari, hakuna mwenye haki ya kumnyoshea kidole mlinzi.

KWA SISI SOTE

Fundi wa kerezo anajua: kazi ikitoka na mikwaruzo, anaambiwa mkono wake mzito, kumbe beringi imekwisha. Mama wa kiwanda cha nguo anakatwa fedha kwa nyuzi zinazokatika, kumbe mashine haijatiwa mafuta. Wa korona anaambiwa anaharibu majani ya mkonge, kumbe visu vimelika. Njia ni ile ile: soma kasoro, badilisha malighafi, badilisha mtu, pima pale panapohusika, andika.

Tukumbuke pia waliozitengeneza bastola hizi. Tarehe 16 Februari 1966, wanawake wa kiwanda hicho hicho cha FN Herstal waliacha kazi. Walikuwa takriban 3,000, wakifanya kazi kwenye mashine katika mafuta na kelele, kwa ujira mdogo kuliko wa wanaume. Walidai mshahara sawa kwa kazi sawa, kama Mkataba wa Roma wa mwaka 1957 ulivyoahidi. Walisimama imara majuma 12. Walidai faranga 5 zaidi kwa saa, wakapata 2 na robo tatu. Hawakupata yote, lakini sauti yao ilisikika Ulaya nzima. Nao walikuwa wameambiwa kazi yao haina thamani sawa. Wakadai ipimwe.

Mlinzi wetu naye adai vivyo hivyo: apimwe yeye, na chombo chake nacho kipimwe.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kwa nini mlio wa kitelezi peke yake hauthibitishi kwamba bastola imeharibika?
2. Kuna tofauti gani kati ya matundu yaliyohama na yaliyotawanyika?
3. Taja chombo kimoja kazini kwako ambacho ubovu wake hulaumiwa mfanyakazi. Nani ana daftari lake?
4. Mwakilishi wenu afanye nini kabla ya kukubali mfanyakazi ahamishwe kwa sababu ya "uzembe"?