Sukari ya Sultani: Somo Nililolipata Likizo

Likizo ndefu ya mwaka jana nilikwenda Tanga kwa bibi yangu. Siku ya pili tu akaniita: “Mume wangu, hebu njoo umwangalie Sultani. Huyu paka ana ugonjwa wangu.”

Nikacheka. Bibi ana kisukari, na kichwani nikasema uzee huo, sasa hadi paka kwake ni mgonjwa wa sukari. Sultani ni paka dume, kahasiwa siku nyingi, ana miaka kumi na moja, na kwa unene wake jina lilimkaa vizuri. Lakini nilipomtazama nikaona mambo hayako sawa. Alikuwa amekonda mgongoni huku akila kuliko zamani. Alikunywa maji kwenye ndoo kama ng'ombe aliyetoka machungani. Mchanga wake ulilowa kila asubuhi. Na miguu ya nyuma, badala ya kukanyagia vidole kama paka wote, alikuwa anakanyagia kisigino hadi chini, kama mtu aliyevaa ndala kubwa kuliko mguu.

Bibi alikuwa sahihi. Mimi nasomea ualimu, sisomei mifugo, kwa hiyo haya ninayoandika hapa ni yale niliyofundishwa na daktari wa mifugo na yale niliyoyaona kwa macho yangu. Nayaandika kwa sababu hapa chuoni paka ni wengi, majumbani kwetu ndiyo usiseme, na nusura nimuue Sultani kwa kutojua jambo moja dogo.

Kwanza, ugonjwa wenyewe

Chakula kikishasagwa tumboni, sukari yake huingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoifungulia sukari hiyo mlango wa kuingia kwenye misuli na sehemu nyingine za mwili. Kwa paka wengi wenye kisukari, insulini hutoka kidogo au mwili hauitikii. Unene, umri mkubwa, kuhasiwa kwa dume na baadhi ya dawa za jamii ya steroidi huongeza hatari.

Sukari isipoingia mwilini hubaki kwenye damu. Kwa paka mzima mwenye utulivu, kipimo huwa kati ya 4 na 7 hivi kwa mashine zetu za kawaida. Ikipanda na kupita 15 au karibu na hapo, figo hushindwa kuizuia, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana anakojoa sana, na ndiyo maana ana kiu. Mwili nao, kwa kuwa hauipati sukari, unaanza kula mafuta na misuli yake wenyewe, ndiyo maana anakula na bado anakonda. Sukari ikikaa juu muda mrefu huumiza neva za miguu, na hapo ndipo anapokanyagia kisigino. Ukielewa njia hiyo moja, dalili zote nne unazikumbuka bila kukariri.

Kipimo kimoja hakitoshi

Tulimtia Sultani kwenye kikapu, tukapanda bajaji hadi kwa daktari, akilia njia nzima. Mashine ikasoma 24. Nikadhani tumemaliza. Daktari akasema bado. Paka akiogopa, sukari yake hupanda yenyewe, wakati mwingine sana, hata kama hana ugonjwa wowote. Kwa hiyo akapima na mkojo, akakuta sukari humo pia, halafu akatutaka tumpime tena nyumbani akiwa ametulia. Siku mbili mfululizo hakushuka chini ya 17. Hapo ndipo tukaanza sindano.

Kumpima si kazi ngumu. Tulitumia mashine ya aina ile ile ya bibi. Unalipasha sikio joto kwa kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, unashika pamba nyuma ya sikio ili usijichome kidole, unachoma ukingoni kwa kisindano, na tone dogo la damu linatosha. Kisha unampa kipande cha kuku. Baada ya wiki moja Sultani alikuwa anakuja mwenyewe akiiona mashine, maana anajua kuku yupo nyuma yake. Jambo la kukumbuka: mashine za binadamu mara nyingi husoma damu ya paka chini kidogo ya ilivyo kweli. Tumia mashine moja siku zote, na namba zako mwonyeshe daktari.

Hesabu ya bomba la sindano

Insulini ya binadamu inayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa kawaida ina yuniti 100 katika kila mililita. Ipo pia insulini ya wanyama yenye yuniti 40 kwa mililita, na kila moja ina bomba lake. Sultani alianzishiwa yuniti moja asubuhi na moja jioni, saa kumi na mbili kati yake, kutoka chupa ya yuniti 100. Yuniti moja kwenye bomba ni kitu cha kuonea kwa tabu.

Siku moja mabomba yaliisha, binamu yangu akatumwa, akarudi na mabomba ya 40. “Si yote ni ya insulini?” akauliza. Tufanye hesabu kama darasani. Alama moja kwenye bomba la 40 ni mililita moja igawanywe kwa 40, yaani mililita 0.025. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba hilo, ndani ya alama hiyo moja kuna 0.025 mara 100, sawa na yuniti 2.5. Ungeona umempa moja, kumbe umempa mbili na nusu. Bahati bibi alisoma maandishi ya pembeni kabla sijavuta.

Kwa hiyo: chupa na bomba viwe na namba moja. Na dozi ya mtu isikaribie kabisa paka. Bibi huchoma yuniti 18 asubuhi. Kwa Sultani hiyo ni kifo.

Chupa ikae kwenye friji, isigande. Kabla ya kuvuta iviringishe taratibu mikononi, usiitikise kama chupa ya soda.

Usiku nilioharakisha

Sasa nifike pale ninapoona aibu kupasema.

Wiki ya tatu kulikuwa na harusi mtaa wa pili. Nilikuwa nimeshavaa, wenzangu wananipigia simu. Saa ya sindano ikafika. Sultani alinusa chakula chake, akakiacha. Nikasema atakula baadaye. Sikumpima. Nikachoma, nikaondoka.

Kama saa tatu baadaye simu ikalia. Bibi hakupiga kelele, alisema tu, “Rudi. Sultani anayumba kama mlevi.” Nilikimbia na kanzu nimeikunja mkononi. Nikamkuta kalala ubavu, miguu inatetemeka, macho yametanuka, hanitambui. Mashine ikasoma 1.9.

Insulini ilikuwa imeingia na kufungua mlango, lakini chakula hakikuwapo. Sukari kidogo iliyokuwa kwenye damu ikaisha. Ubongo hauwezi kukaa bila sukari, na hapo mambo hayahesabiwi kwa siku, yanahesabiwa kwa dakika.

Daktari alikuwa ameshatufundisha la kufanya, na bibi alikuwa ameshaanza kabla sijafika. Alipaka asali kwenye ufizi wa Sultani kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo. Hakummiminia mdomoni, maana paka asiye na fahamu hupaliwa, na akiwa anatetemeka anaweza kukung'ata bila kukusudia. Baada ya kama dakika kumi kichwa kikainuka. Alipoweza kumeza vizuri tukampa samaki. Tukampigia daktari, tukampima kila baada ya nusu saa, na alfajiri tukampeleka. Akapona.

Bibi hakunigombeza. Alisema tu, “Sukari ikipanda inakuua polepole, ikishuka inakuua sasa hivi. Mimi nikisikia jasho la baridi nasema nileteeni chai. Huyu atasema nini?”

Tangu usiku ule kuna sheria ukutani kwa bibi, kwa mwandiko wangu: pima kwanza, aone amekula, ndipo uchome. Hakula au namba iko chini, usichome, mpigie daktari. Huna uhakika kama mwenzio ameshachoma, usirudie. Kuruka sindano moja mara nyingi kuna nafuu kuliko kuchoma mara mbili.

Daftari linavyozungumza

Baadaye daktari alituambia tumpime kutwa nzima, kila baada ya saa mbili. Hii hapa siku moja kutoka daftarini:

Saa 1 asubuhi, kabla ya sindano: 18.2
Saa 3: 14.1
Saa 5: 9.3
Saa 7 mchana: 6.4
Saa 9: 8.7
Saa 11: 13.0
Saa 1 jioni: 17.5

Tazama vizuri. Ukiwa unapima asubuhi na jioni tu, unaona 18 na 17, unasema dawa haifanyi kazi, unaongeza dozi. Lakini mchana alikuwa ameshafika 6.4. Ukiongeza, hiyo 6.4 ndiyo itakayoporomoka, wakati wewe uko kazini au darasani. Ndiyo maana daktari huangalia mambo mawili: namba ya chini kabisa, na dawa imekaa muda gani. Na akibadilisha dozi, husubiri siku kadhaa kabla ya kuigusa tena.

Sisi walimu watarajiwa tunaambiwa mtihani mmoja haumpimi mwanafunzi. Mimi nililielewa somo hilo kwenye sikio la paka.

Sahani yake

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Sultani alikuwa analelewa kwa ugali, wali na mchuzi wa jana. Wanga huo wote ulipunguzwa, akapewa kuku, samaki wa kuchemsha na dagaa wasio na chumvi, kwa mpangilio wa daktari ili asikose virutubisho vingine. Lakini angalia: wanga ukipungua, mahitaji ya insulini nayo hupungua. Usibadilishe chakula bila kupima na bila daktari kujua. Na usimnyime chakula eti apungue haraka. Paka mnene akikaa siku kadhaa bila kula, ini lake hujaa mafuta, akafa kwa jambo jingine kabisa. Akiwa na kisukari halafu akakataa kula, akatapika na kulegea, usisubiri kesho.

Hata kama paka wako ni mzima

Machache ya kuondoka nayo. Panadoli ni sumu kwa paka, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Vitunguu, maji na swaumu, vinaharibu damu yake, kwa hiyo mchuzi wetu haumfai. Dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini usimpake. Mpe chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huupata na kuuleta kwako. Mpime uzito kila mwezi: panda naye kwenye mizani, kisha panda peke yako, toa. Na jua kawaida yake: anakunywa kiasi gani, anakojoa mara ngapi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika viumbe wanaoishi nasi sijaona mficha maradhi kama paka.

“Watu hawana insulini, wewe unamchoma paka?”

Hilo niliulizwa kijiweni, na sikulicheka. Ni kweli wapo watu mtaani kwetu wanaoruka dozi kwa sababu ya pesa. Chupa ya Sultani tulinunua yake, kwa fedha yetu, na ya bibi haijawahi kuguswa. Kama ingebidi kuchagua, bibi angekuwa wa kwanza na hakuna mjadala. Daktari mwenyewe alituambia mwanzoni kwamba si kila nyumba inaweza gharama na ratiba hii, na anayeshindwa aseme mapema, wasaidiane kuamua lisilomtesa mnyama.

Ila nimeona kitu kingine. Bibi alikuwa anapima sukari yake akikumbuka. Tangu daftari la Sultani lianze, ukurasa wa kushoto ni wa paka na wa kulia ni wake. Asubuhi wanapimwa pamoja, yeye kidole, paka sikio. Juzi nimempigia simu kumwamkia, nikauliza hali. Akanijibu, “Mimi nane nukta moja, mwenzangu kumi na moja. Tumeshakula. Wewe je, umekula?”