Mlima Ufukweni: Jinsi Picha ya Kuunganisha Inavyotengenezwa na Jinsi Mlaji Anavyoweza Kujilinda

Madhumuni ya somo hili

Matangazo mengi ya viwanja, nyumba za kupangisha na hoteli za mapumziko humfikia mlaji kwa njia ya picha. Si nadra mlaji kulipa fedha ya kushika nafasi kabla hajafika mahali penyewe. Somo hili linaeleza, hatua kwa hatua, namna mandhari ya kinjozi inavyoundwa kwa programu ya kuhariri picha, ili mlaji aelewe yanayoweza kufanywa kwa picha ya kawaida. Aliyewahi kuunganisha picha kwa mikono yake mwenyewe hujua mahali pa kuutafuta mshono.

Ufundi wenyewe si wa leo

Kuunganisha picha si kosa, wala hakukuanza na kompyuta. Katika miaka ya 1850, mpigapicha Mfaransa Gustave Le Gray alitumia negativu mbili kwa baadhi ya picha zake za bahari, moja ya maji na nyingine ya mawingu, kwa sababu vifaa vya wakati huo havikuweza kunasa vyote viwili vizuri kwa mara moja. Mmarekani Jerry Uelsmann alijipatia sifa kwa mandhari za ajabu alizozitengeneza katika chumba cha giza kwa kuchanganya negativu kadhaa. Programu ya Photoshop iliingia sokoni mwaka 1990, na mwaka 1994 ikaongezewa matabaka. GIMP, inayofanya kazi kama hiyo, hupatikana bila malipo.

Hata hivyo, mwaka 1982 jarida la National Geographic lililaumiwa kwa kusogeza piramidi za Giza katika picha ya jalada ili zienee kwenye ukurasa wa wima. Hakuna kitu kigeni kilichoongezwa; nafasi tu ndiyo iliyobadilishwa. Lawama ilitokana na ukweli kwamba msomaji aliamini anaonyeshwa mahali, si mchoro.

Zoezi: kuuweka Mlima Kilimanjaro baharini

Tuchukue picha mbili: moja ya ufukwe wenye ngalawa, nyingine ya Mlima Kilimanjaro uliopigwa kutoka tambarare. Mlima huo, wenye urefu wa mita 5,895, uko zaidi ya kilomita 250 kutoka Bahari ya Hindi. Picha yetu itakuwa ya njozi tupu.

1. Chagua picha zinazopatana. Mwanga utoke upande mmoja katika picha zote mbili, na kamera iwe imeshikwa kwa kimo kinachokaribiana. Kosa la hatua hii ni gumu kurekebishwa baadaye.

2. Panga matabaka. Fungua picha ya ufukwe iwe tabaka la chini, kisha weka picha ya mlima juu yake iwe tabaka la pili. Matabaka ni mfano wa vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: kila kimoja huweza kusogezwa bila kuvigusa vingine.

3. Weka kifunika juu ya tabaka la mlima. Ukipaka rangi nyeusi kwenye kifunika, sehemu hiyo ya mlima hufichika. Ukipaka nyeupe, huonekana. Kijivu huifanya ionekane nusu. Picha yenyewe haifutwi, hivyo unaweza kurudi nyuma wakati wowote.

4. Lainisha mshono. Tumia brashi yenye kingo laini kwenye tako la mlima, ili liyeyukie katika ukungu juu ya maji. Kingo kali huonekana kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi.

5. Patanisha rangi. Kitu kilicho mbali huonekana hafifu na chenye ubuluu, kwa kuwa hewa iliyo katikati hutawanya mwanga. Punguza tofauti ya giza na mwanga katika tabaka la mlima, na uongeze ubuluu kidogo.

6. Tengeneza taswira majini. Nakili tabaka la mlima, ligeuze juu chini, lipunguze nguvu, kisha litie ukungu kidogo kufuata mawimbi.

7. Ongeza kitu cha ajabu ukipenda, mfano mbuyu unaoelea hewani pamoja na mizizi yake. Hifadhi faili la kazi lenye matabaka yote, kisha toa nakala ya JPEG. Katika nakala hiyo matabaka huwa yamekandamizwa kuwa picha moja, nayo ndiyo anayoiona mtazamaji.

Hatari iko wapi?

Mlima baharini haumdanganyi mtu. Mwenye akili timamu akiuona hucheka au husifu, kisha hupita. Zana zilezile, zikitumiwa kwa kiasi, ndizo zinazogharimu fedha. Kifunika kilichoficha tako la mlima huweza kuficha dampo la taka. Brashi iliyolainisha ukungu huweza kufuta nguzo ya umeme, mkondo wa maji ya mvua au nyumba ya jirani iliyoko mpakani. Mbinu iliyogeuza tambarare kuwa bahari huweza kusogeza bahari nyuma ya kiwanja kilicho mbali nayo.

Tuchukulie mfano wa mfanyakazi aliyeko Mwanza, anayeona tangazo la kiwanja karibu na Bagamoyo. Picha inaonyesha minazi, mchanga mweupe na maji hatua chache kutoka kwenye bikoni. Nauli na siku za ruhusa vinamfanya aahirishe safari, na muuzaji anamhimiza kwamba wateja wengine wanasubiri. Akilipa kwa picha hiyo pekee, amenunua tabaka la juu bila kujua lililo chini yake.

Alama za kukagua

Vivuli. Vuta mstari kutoka ncha ya kivuli hadi ncha ya kitu kilichokitoa. Mistari ya vitu vyote ielekee kwenye jua moja. Kivuli cha mnazi kikidai jua liko kushoto na cha nyumba kikadai liko kulia, picha imeunganishwa.

Mwezi. Mwezi mpevu huchomoza wakati jua linapokaribia kuzama, kwa kuwa hukaa upande wa pili wa anga. Mwezi mpevu uliokaa kando ya jua linalotua umebandikwa. Vilevile, upande wa mwezi unaong'aa lazima ulielekee jua.

Taswira majini. Kila kilicho juu ya maji tulivu kinapaswa kuwa na taswira yake moja kwa moja chini yake. Mtengenezaji hukumbuka mlima, akasahau ngalawa.

Marudio. Anayefuta kitu huziba pengo kwa kunakili sehemu ya jirani. Tafuta wingu, kichaka au jiwe linalojirudia kwa umbo lilelile.

Ukali wa picha. Kitu kimoja kikiwa na kingo kali kuliko vingine vilivyo kwenye umbali uleule, huenda kimetoka katika picha nyingine.

Ni muhimu kuelewa mpaka wa ukaguzi huu. Alama hizi huweza kufichua picha iliyounganishwa; haziwezi kuthibitisha kwamba picha ni ya kweli. Fundi makini huziondoa zote, na programu za akili unde huweza kuunda mandhari nzima bila mshono wowote. Kutoona kasoro si dhamana.

Hatua za kuchukua kabla ya kulipa

Unashauriwa kufanya yafuatayo:

• Fika mahali penyewe, au umtume mtu unayemwamini ambaye hakuchaguliwa na muuzaji.
• Ikiwa safari haijawezekana, omba mazungumzo ya video ya moja kwa moja, na umtake muuzaji azungushe kamera pande zote nne, akianzia sehemu utakayoitaja wewe.
• Omba viwianishi vya mahali hapo, uvilinganishe na picha za satelaiti zinazopatikana kwenye ramani za intaneti.
• Kwa kiwanja, thibitisha umiliki na mipaka katika ofisi ya ardhi inayohusika. Picha, hata ikiwa ya kweli, haionyeshi mmiliki.
• Hifadhi tangazo lenyewe, tarehe uliyoliona, ujumbe mliobadilishana na risiti ya kila muamala. Matangazo hufutwa upesi pindi malalamiko yanapoanza.
• Taka maelezo ya picha yaandikwe katika mkataba: umbali kutoka baharini, barabara, maji na umeme. Anayekataa kuandika anachokionyesha amekupa jibu.

Haki yako kisheria

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Mlaji aliyepotoshwa na tangazo anaweza kuwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani akiwa na vielelezo alivyohifadhi. Iwapo fedha zimechukuliwa kwa njia ya ulaghai, toa taarifa polisi bila kuchelewa.

Zingatia

Fanya zoezi la somo hili angalau mara moja, ukitumia picha zako mwenyewe. Utaona jinsi mlima unavyohama kwa muda mfupi. Baada ya hapo, picha nzuri ya kiwanja itakupa sababu ya kwenda kukiangalia, wala haitatosha kukufanya utoe fedha.