Poda za kujaza misuli: Si sumu, lakini si uji

Wiki hii nilikusudia kuandika jambo jingine, lakini yaliyotokea nyumbani kwa dada yangu Magomeni yamenilazimisha nibadili. Mpwa wangu, kijana wa miaka 24, alikwenda kupima afya kwa ajili ya kazi aliyoomba. Majibu ya damu yakaonyesha kreatinini imezidi kiwango, na aliyempa karatasi akamwambia waziwazi, bila hata kumkalisha, kwamba figo zimeanza kufa. Baba yake kijana huyu, Allah amrehemu, tulimzika baada ya miaka miwili ya kusafishwa damu. Mwaweza kukisia dada yangu aliukesha vipi usiku ule.

Mimi nilikuwa na mshitakiwa wangu tayari. Chini ya kitanda cha kijana kulikuwa na kopo la kreatini, ile poda nyeupe aliyokuwa akiikoroga kwenye maji kila akitoka kunyanyua vyuma. Nikalichukua, nikamwita mbele ya mama yake, nikamsomea mashtaka: sumu, dawa za mabaunsa, israfu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Samahani mjomba, lakini hata maandishi ya kwenye kopo hujayasoma." Nilikasirika, ila alisema kweli. Basi nikasoma, na nikafuatana naye kwa daktari wa figo.

Kwanza, kreatini si kitu kigeni mwilini. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliigundua katika nyama mwaka 1832, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya nyama. Ini na figo zetu huchangia kuitengeneza kila siku, na nyingine tunaipata kwa kula nyama na samaki. Asilimia 95 hivi hukaa katika misuli, na kazi yake ni akiba ya dharura. Ukinyanyua mzigo mzito au ukitimka mbio fupi, nguvu nyingi za zile sekunde kama 10 za mwanzo hutoka kwenye akiba hiyo. Anayetumia poda anaijaza akiba, hivyo anaweza kunyanyua mara moja au mbili zaidi kabla ya kuchoka, na kule kunyanyua zaidi, wiki baada ya wiki, ndiko kunakokuza misuli. Anayekunywa kisha akalala anamtajirisha mwenye duka tu. Mkimbiaji wa mbio ndefu naye hapati faida kubwa.

Watafiti Roger Harris, Eric Hultman na mwenzao walionyesha mwaka 1992 kwamba kreatini ya kunywa kweli hupandisha akiba ya misuli. Kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu 4 hadi 5 hivi, na kipimo cha kawaida cha poda kwa siku ni gramu 3 hadi 5. Vijana wengi huanza na gramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 5 hadi 7, ili wajae upesi. Anayekunywa kidogo kidogo hufika palepale baada ya wiki nne, tena bila kuharisha, maana dozi kubwa kwa mkupuo ndiyo inayovuruga tumbo. Na ile kilo moja au mbili inayoongezeka wiki ya kwanza, ambayo vijana huipigia picha, ni maji yaliyovutwa na misuli.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya maabara. Kreatini mwilini hugeuka kidogo kidogo kuwa kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwa mkojo. Maabara hupima taka hiyo katika damu ili kukisia kama figo zinafanya kazi. Lakini mtu mwenye misuli mikubwa, au anayekunywa poda hii, anaweza kuonyesha kreatinini ya juu na figo zake ni nzima kabisa. Daktari alipoiona ile karatasi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kijana, unatumia nini?" Kule alikopimwa mwanzo hakuna aliyemuuliza. Akamwambia aache poda wiki nne, arudi apime damu, na mkojo uangaliwe kama una protini.

Nilimweleza daktari hofu yangu juu ya vifo nilivyosoma. Mwaka 1997 wanafunzi watatu wa vyuo vya Marekani, wacheza mieleka, walifariki katika muda wa mwezi mmoja hivi, na kreatini ikatuhumiwa. Uchunguzi ulikuta kwamba walikuwa wakijinyima maji na kujitoa jasho kwenye joto kali ili wapunguze uzito. Hapo nikawafikiria vijana wetu wanaonyanyua vyuma saa tisa alasiri, Ramadhani, katika joto la Dar es Salaam. Mazoezi yangoje baada ya futari, na poda ingoje maji.

Kuhusu uhalali, poda yenyewe hutengenezwa viwandani kwa kemikali, si kwa nyama ya mnyama. Wasiwasi uko kwenye ile inayofungwa ndani ya vidonge vya gamba laini, kwani gamba mara nyingi ni jelatini, na jelatini yaweza kuwa ya nguruwe. Tuulize. Tuogope pia poda zinazouzwa kwa kupimwa kwenye mifuko ya plastiki, na zile za mchanganyiko wa vitu kumi. Huko nje zimewahi kukamatwa poda za misuli zilizotiwa homoni bila kuandikwa.

Baada ya wiki nne kreatinini ilishuka ndani ya kiwango, na mkojo ukawa safi. Dada yangu alilia palepale kwenye benchi. Lakini daktari hakufurahi sana, kwa sababu presha ya kijana ilikuwa juu mara zote mbili, na presha ndiyo iliyoanza kumuua baba yake. Alisema tafiti za watu wenye figo nzima hazijaonyesha kwamba kreatini inawadhuru, ila mwenye ugonjwa wa figo asiiguse, na mwenye presha na urithi kama ule asianze mpaka ajulikane yuko wapi. Akampa miezi mitatu ya kupunguza chumvi na kupima presha kila wiki. Vyuma hakumkataza.

Kopo liko kabatini kwangu, limebaki nusu. Nimemwahidi kwamba daktari akiridhia, nitamrudishia kwa mkono wangu.