Kisonono kinapofika kwenye viungo na ngozi

Kisonono ni maradhi ya zinaa yanayosababishwa na bakteria. Wengi wetu tunakijua kwa kutokwa na usaha sehemu za siri na maumivu ya kukojoa. Lakini mara chache bakteria hao huingia katika damu na kusambaa mwilini. Hapo mgonjwa huumwa na viungo na kutokwa na vipele, ilhali sehemu za siri huenda zisiwe na dalili yoyote. Ndipo anapodhani ni baridi yabisi, akajichua kwa mafuta, na maradhi yakaendelea.

Dalili za kuangalia

• Maumivu yanayohama kutoka kiungo kimoja hadi kingine, hasa vifundo vya mikono na miguu, na magoti.
• Vipele vichache, aghalabu mikononi na miguuni, vingine vikiwa na usaha au damu katikati. Huenda visiwashe.
• Homa na kutetemeka.

Kwa nini usisubiri

Kiungo kilichoingiwa na bakteria chaweza kuharibika daima. Kikivimba ghafla na kuwa cha moto, nawe una homa, tafuta matibabu siku hiyo hiyo. Waweza kupiga simu 111.

Umwambie nini daktari

Taja maumivu na vipele kwa pamoja, kisha useme kwamba huenda uliambukizwa kwa kujamiiana. Neno hilo ni zito kulitamka, lakini bila ya hilo huenda usipimwe kisonono. Hupimwa damu, mkojo, maji ya kiungo kilichovimba, na ute wa sehemu za siri na koo. Una haki ya kuomba mkalimani asiyekuwa jamaa yako, na waweza kuomba kuhudumiwa na mtu wa jinsia yako.

Matibabu

Hutolewa antibiotiki za sindano, kwa kawaida hospitalini, kwa muda wa siku 7 au zaidi. Usijitibu kwa dawa zilizobaki nyumbani. Mwenzi wako naye apimwe; kliniki yaweza kumjulisha bila ya kutaja jina lako. Msijamiiane mpaka siku 7 zipite baada ya nyote wawili kumaliza matibabu.

Hapa Uingereza, kupimwa na kutibiwa maradhi ya zinaa katika NHS ni bure kwa kila mtu, vyovyote iwavyo hali yake ya ukaazi. Usiiache aibu ikupotezee kiungo.