Sufuria ya risasi isirudi jikoni

Kiswahili kinaita vitu viwili kwa jina moja. Kuna risasi ya bunduki, ambayo ina sheria yake na hairuhusiwi kutengenezwa na mtu asiye na kibali. Kuna na risasi yenyewe, ile metali ya kijivu, laini, nzito, inayozamisha nyavu. Hapa tunazungumzia hii ya pili, kwa sababu ndiyo inayoingia majumbani mwetu.

Mvuvi wa delta ya Rufiji, awe wa Nyamisati, Mbwera au Salale, hawezi kuikwepa. Kimia hushonewa risasi pindoni ili kizame upesi na kuwafunika kamba kabla hawajaruka. Mshipi nao hauendi chini bila chubwi. Zikikatika, asiyetaka kununua hukusanya risasi chakavu, akaziyeyusha juu ya jiko la mkaa na kusubu zake mwenyewe kwenye kalibu. Kazi yenyewe ni ya muda mfupi, na wengi huifanya kwa uangalifu maadamu moto unawaka, maana kila mtu anaogopa kuungua. Baada ya hapo moto huzimwa, sufuria hupoa, na hofu huisha. Ndipo mtu anapochukua kisu na kukwangua ukoko uliobaki, unga wa kijivu ukiruka huku watoto wamechutama pembeni. Kwangu mimi hiyo ndiyo saa ya hatari kuliko zote. Moto humuunguza aliyeukaribia. Unga ule huingia tumboni mwa mtoto ambaye hakugusa hata kijiko.

Tuanze na chombo. Sufuria ya alumini haifai: hulegea ikipata joto kali, na ikitoboka, risasi iliyoyeyuka humwagika miguuni. Tafuta chombo kizito cha chuma, chenye kitako kipana kinachotulia juu ya mafiga na mpini uliokazwa vizuri. Kitie alama ya rangi ambayo hata mgeni ataielewa. Tangu siku hiyo, chombo hicho na kijiko chake cha kuchotea si vyombo vya nyumbani tena. Havichemshiwi maji ya kuoga, havipikiwi uji, haviazimwi kwa ajili ya shughuli. Hakuna namna ya kukisafisha chombo cha risasi kikafaa kwa chakula, hata ukikisugua kwa mchanga kutwa nzima. Usijaribu kutumia ndimu, ukwaju au siki kama tunavyong'arisha vyombo vya shaba. Asidi huyeyusha kutu ya risasi, na hapo sumu huingia mwilini kwa urahisi zaidi.

Sasa maji, ambayo kwenye delta hayakosekani. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, wakati maji huchemka kwenye 100. Tone moja likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kutanuka zaidi ya mara 1,600, kisha hurusha kila kilicho juu yake hadi usoni. Risasi kuukuu zilizotoka baharini huficha maji ya chumvi kwenye matundu yake na chini ya magamba ya chaza. Zianike juani siku kadhaa, kisha zipange kwenye sufuria ingali baridi, na zote zipate joto kwa pamoja. Usitupie hata kipande kimoja kwenye risasi iliyokwisha kuyeyuka. Kijiko na kalibu navyo vipashwe moto kwanza. Wanaosubu kwenye mchanga wa pwani wajue kuwa mchanga unaoonekana mkavu juu unaweza kuwa na unyevu chini. Nje ya masika kazi hii ni nafuu. Wakati wa masika, ni bora kuiahirisha.

Moto usizidi. Kitako cha sufuria kikianza kuwa chekundu, umepita kiasi, na sasa risasi inatoa moshi usiouona wala kuusikia harufu. Punguza mkaa. Kaa upande unakotoka upepo, nje kabisa, si kwenye kibanda wala chini ya dungu. Vaa viatu vilivyofunika mguu, shati la pamba la mikono mirefu, glavu nene na miwani. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii moshi wa risasi, usikitegemee.

Juu ya risasi patatanda mavi yake, ule utando wa kijivu. Dondoshea kipande kidogo cha nta ya nyuki, ukijiweka mbali kwa kuwa itawaka, kisha koroga taratibu kwa kijiko kikavu. Sehemu ya risasi iliyoshika kutu hurudi kuwa metali, na takataka huelea. Hapo ndipo usafi wa sufuria unapoanza, wakati ingali na moto. Engua mavi hayo moja kwa moja kwenye kopo la chuma lenye mfuniko. Usigonge kijiko ukingoni, kwa sababu kila ukigonga unapeperusha unga. Risasi iliyobaki imimine yote kwenye kalibu, igande vipande vidogo. Kuna wanaoacha kiasi igandie ndani ili sufuria isishike kutu, lakini kwa jiko la mkaa siwashauri. Moto unatoka chini, kwa hiyo risasi ya chini itayeyuka kwanza huku ya juu ingali kifuniko kigumu, na ikipata upenyo itaruka.

Sufuria ikipoa kabisa, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji na sabuni. Palipo na kutu au ukoko, lowesha kwanza ndipo usugue kwa brashi ya waya. Usikwangue pakavu, usipulize kwa mdomo, wala usifagie chini. Kitambaa kilichotumika kiingie kopo lilelile. Usisuuze sufuria mtoni wala karibu na kisima. Ukimaliza, angalia kitako kama kina ufa, tikisa mpini, kisha anika sufuria juani. Siku utakayoitumia tena, ipashe moto ikiwa tupu kwanza hadi unyevu wote uishe, kisha iache ipoe kabla ya kupanga risasi.

Kopo la mavi linahitaji kufikiriwa zaidi huku kwetu kuliko bara. Kuchimba shimo nyuma ya nyumba hakusaidii mahali ambapo maji ya bamvua hupanda hadi uani na mto hufurika kama ulivyofurika Rufiji na Kibiti Aprili 2024. Kinachofukiwa leo kitaibuka kwenye shamba la mpunga. Lifunge kopo, lihifadhi juu pakavu, na umuulize afisa mazingira wa halmashauri pa kulipeleka.

Na betri? Betri chakavu za magari na za sola zina risasi nyingi, na kishawishi ni kikubwa. Naomba usizipasue. Ndani mna asidi na unga wa risasi mbaya kuliko moshi wa sufuria, na mavi yake yakilowa huweza kutoa gesi ya sumu kali. Mombasa walijifunza kwa uchungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, alimpeleka mtoto wake mgonjwa kupimwa, ikakutwa risasi kwenye damu yake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya anachofyonza mtu mzima kwa kilekile walichomeza. Sumu hiyo huvuruga ubongo unaokua, na hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Mama mjamzito humpitishia mwanawe tumboni. Kwa hiyo ukitoka kwenye kazi hii, badili nguo hukohuko, zifuliwe peke yake, na unawe kwa sabuni hadi viwiko kabla ya kugusa ugali au kumpakata mtoto. Vijana nao waache kubana risasi ya mshipi kwa meno.

Mtoto akilalamika tumbo, akikosa choo, akipauka au akiwa mzito kujifunza, wengi watadhani ni minyoo au malaria, na huenda ikawa kweli. Lakini mwambie daktari waziwazi kwamba nyumbani kunayeyushwa risasi. Dalili hizo hufanana na za magonjwa mengine mengi, na kipimo cha damu ndicho pekee kinachotofautisha. Asipoambiwa, hatakuwa na sababu ya kukiagiza.